Mahafali kumbi nne, TV za rika tatu na simu za watu: maltikasti itabeba fomati zote hizi?

#1 Kandambili_IT

Wakuu, heshima kwenu.

Nipo kitengo cha TEHAMA kwenye chuo kimoja kanda ya kati. Mahafali yanakaribia na ukumbi mkubwa haujawahi kutosha. Wazazi, walezi, mashangazi na wapiga vigelegele wote wanamwagika nje. Safari hii uongozi umeamuru picha irushwe mubashara kumbi nne: A na B zilizo jirani, bwalo la chakula, na ukumbi wa kampasi ndogo ng'ambo ya mji. Halafu atakayekaa chini ya mwembe na simu yake naye aone.

Kamera zipo, meza ya kuchanganyia picha ipo. Kati ya majengo tuna fiba ya gigabiti 1 na swichi za kusimamiwa. Kampasi ndogo tumeiunga kwa redio, inatupa Mbps 8 siku ikiwa na hali nzuri. Laini ya intaneti ni nyembamba na imeshalemewa, sitaki kuigusa.

Kilio changu ni vifaa. Ukumbi A una TV mpya, HEVC (mfumo mpya wa kubana video) na 1080p zinafungua bila kuhema. Ukumbi B una ving'amuzi vya IPTV (TV ya kupitia mtandao) vilivyoletwa na mradi zamani, vinajua H.264 tu, ule mfumo wa zamani wa kubana video, na 720p ndiyo dari yao. Bwaloni kuna projekta na kompyuta kuukuu ambayo ukiipa 1080p feni yake inalia kama mashine ya kusaga. Simu za wageni ndiyo usiseme.

Kwa yunikasti, yaani kila mtazamaji atumiwe nakala yake, hesabu inakataa: watazamaji 600 mara Mbps 3.5 ni Mbps 2,100, na fiba yangu ni 1,000. Ndiyo maana nikakimbilia maltikasti, mkondo mmoja unaotumwa mara moja kwa kikundi kizima. Nimerusha mkondo mmoja wa majaribio, ukafika vizuri. Lakini baada ya dakika nne na ushee picha inaganda. Ukitoka kwenye chaneli na kurudi inaendelea, halafu muda uleule inaganda tena.

Naomba mwongozo kwenye mambo mawili: hiyo kuganda, na fomati zote hizi nazirushaje bila kujikaanga.

#2 Chupuchupu

Weka YouTube ulale.

#3 Kandambili_IT

Mkuu, kila simu itavuta nakala yake kupitia laini ileile nyembamba. Mtu wa ukumbi A na jirani yake wanaoangalia kitu kimoja watakuwa wamekivuta mara mbili kutoka nje ya chuo. Nitafukuzwa kazi kabla Mkuu wa Chuo hajafika mimbarini.

#4 Mzawa_wa_Kilosa

Ngoja waje wajuzi. Nimeweka kambi.

#5 BiMkubwa_NOC

Kandambili, tuanze na kuganda maana dalili imejitaja yenyewe. Hiyo "dakika nne na ushee" ni sekunde 260.

Swichi inayochungulia IGMP (ujumbe ambao vifaa huomba nao kujiunga na kikundi cha maltikasti) huandika kwamba tundu fulani lina mtu anayetaka kikundi fulani, na maandishi hayo yana muda wa kufa. Kwa viwango vya kawaida, muulizaji kwenye mtandao huuliza kila sekunde 125 nani bado anataka. Swichi huvumilia raundi mbili za kuuliza, ikaongeza sekunde 10 za kungoja jibu. 125 mara 2 jumlisha 10, ndiyo 260. TV yako inaomba mara moja tu inapofungua chaneli, kisha inakaa kusubiri kuulizwa. Kama kwenye VLAN hiyo (sehemu ya mtandao iliyotengwa ndani ya swichi) hakuna anayeuliza, TV inanyamaza, swichi inaamini mtu ameondoka, inafunga. Ukitoka na kurudi, TV imeomba upya na umepewa sekunde 260 nyingine.

Kazi ya kuuliza huwa ya ruta yenye PIM, itifaki ya kupitisha maltikasti kati ya mitandao. Wewe inaonekana mkondo unazunguka ndani ya VLAN moja tu bila ruta ya maltikasti kuhusika, kwa hiyo hakuna mwenye zamu. Washa muulizaji kwenye swichi ya kati na uipe anwani ya IP ndani ya VLAN hiyohiyo. Zipo swichi ambazo bila anwani hukubali amri kwa adabu zote na hazitumi swali hata moja.

Na tafadhali usizime uchunguliaji ukidhani ndio mchawi. Ukiuzima picha itaacha kuganda kweli, lakini kila tundu chuoni, hadi la printa ya mhasibu, litamwagiwa mikondo yote.

#6 Kandambili_IT

Bi Mkubwa, ubarikiwe. Nimewasha muulizaji swichi ya kati, picha imetulia tangu asubuhi. Swichi ilikuwa imezima hicho kitu tangu kiwandani, wala menyu yake haikukitaja waziwazi.

Sasa fomati.

#7 BiMkubwa_NOC

Vuta kiti.

Kwenye yunikasti seva inaongea na kila mtu peke yake, kwa hiyo inaweza kumshushia huyu ubora na kumpandishia yule. Kwenye maltikasti mrushaji hajui kama kuna hata mtu mmoja anayesikiliza. Ndivyo Steve Deering alivyouandika utaratibu kwenye RFC 1112 (hati ya viwango vya intaneti) mwaka 1989, na ni kwa makusudi: mtumaji anatupia anwani ya kikundi, mpokeaji ndiye anayejiunga na kujitoa. Faida yake unaijua, watazamaji 10 au 10,000 kwa enkoda (kifaa kinachobana picha kabla ya kurushwa) ni mzigo uleule. Hasara yake ndiyo iliyokuleta hapa. Ukirusha fomati moja umewachagulia wote, na ukiishusha hadi aiweze mnyonge kuliko wote, basi TV zako mpya umezinunua za nini?

Kwa hiyo uamuzi lazima uhamie kwa mpokeaji, na mpokeaji ana sauti moja tu kwenye mtandao: kujiunga au kujitoa. Fomati moja, kikundi kimoja. Mfano:

239.10.1.1: HEVC 1080p, Mbps 5, kwa ukumbi A
239.10.1.2: H.264 720p, Mbps 3.5, kwa ving'amuzi vya B
239.10.1.3: H.264 360p, Mbps 0.8, kwa bwalo

Jumla Mbps 9.3 kwenye fiba ya 1,000. Hata ukizidisha mara tatu hakuna atakayehisi. Na kebo ya kwenda ukumbi B haitabeba zote, itabeba kile kikundi kilichoombwa na watu wa B tu. Hapo ndipo swichi inapokulipa ile bei uliyoinunulia.

Mambo ambayo watu huyaruka halafu wanarudi hapa kulia:

Fremu kamili. Kifaa kikijiunga na kikundi katikati hakioni kitu mpaka ipite fremu inayojitegemea. Ukiziweka kila baada ya sekunde 2, mtu atasubiri sekunde 1 kwa wastani na 2 akiwa na mkosi. Ukiziweka kila sekunde 10 ili kubana biti, mtu atabonyeza rimoti, ataona giza, atabonyeza tena, atazidi kuharibu. Mimi naweka sekunde 2. Nakala zote tatu zitoke kwenye enkoda moja, na fremu hizo ziangukie wakati uleule katika nakala zote, ili kifaa kikihama kikundi cha 1 kwenda cha 2 kisiruke sentensi ya mgeni rasmi.

Ukubwa wa pakiti. Pakiti ya MPEG-TS, kifurushi kinachobeba picha na sauti, ina baiti 188. Weka 7 kwenye kila datagramu ya UDP (itifaki inayotuma bila kusubiri uthibitisho), inakuwa 1,316. Ongeza 8 za UDP na 20 za IP upate 1,344, unapita salama chini ya 1,500 ya Etheneti. Ukijaza 8 unavuka, pakiti zinakatwa vipande, na kipande kimoja kikipotea umepoteza zote nane.

TTL. Programu nyingi zikiachwa zilivyo hutuma maltikasti ikiwa na TTL ya 1, maana yake haivuki ruta hata moja. Kampasi ndogo iko nyuma ya ruta, kwa hiyo weka 8 au 16.

Anwani. Kaa ndani ya 239, ndiyo iliyotengwa kwa matumizi ya ndani. Lakini epuka anwani zinazoanza na 239.0.0 na 239.128.0 kwa kila kitu. Anwani ya maltikasti ikigeuzwa kuwa ya MAC (ile ambayo swichi huisoma) zinabaki biti 23 tu za mwisho, kwa hiyo anwani 32 za IP zinagawana MAC moja. Hizo mbili nilizotaja zinaangukia kwenye MAC zilezile za 224.0.0, ambazo ni za itifaki za ruta zenyewe, na swichi huzimwaga kila tundu bila kuuliza. Kwa sababu hiyohiyo usimpe mtu mwingine 239.138.1.1 wakati wewe unatumia 239.10.1.1. Machoni ni tofauti, kwa swichi nyingi ni kitu kimoja.

#8 Mhadhiri_Mstaafu

Wanangu, nimefurahi kuona mada hii bado ina watu. Naomba nimpinge kidogo Bi Mkubwa.

Kurusha nakala tatu kamili za picha ileile ni ubadhirifu. Ndani ya ile ya 1080p imo 720p, na ndani yake imo 360p. Mwaka 1996 Steven McCanne, Van Jacobson na Martin Vetterli walitoa njia ya matabaka: video inakatwa kuwa tabaka la msingi na matabaka ya kuongezea, kila tabaka kwenye kikundi chake cha maltikasti. Mwenye laini nyembamba anachukua la msingi. Mwenye nafasi anaongeza la pili juu yake, kisha la tatu. Akiona pakiti zinapotea, anaacha la juu. Hakuna biti inayopita mara mbili kwenye waya mmoja.

Nao hawakuwa watu wa nadharia tupu. Ni kizazi cha MBone, ule mtandao wa maltikasti uliopitishwa kwenye mahandaki juu ya intaneti ya kawaida kwa sababu ruta za wakati ule hazikuijua maltikasti. Machi 1992 walirusha sauti ya mkutano wa IETF, chombo kinachoandika viwango vya intaneti, kutoka San Diego. Novemba 1994 hata Rolling Stones walipita humo. Katika mazingira yale, mmoja alikuwa na laini nene ya chuo na mwenzake alikuwa nyuma ya modemu, na wote walikuwa kikundi kimoja. Tatizo la Kandambili ndilo hilohilo.

#9 BiMkubwa_NOC

Shikamoo Mwalimu.

Nakubali kwamba ni kazi nzuri, na hadi leo kila anayefikiria maltikasti ya fomati nyingi anatembea kwenye njia yao. Ila naileta kwenye ukumbi B.

Kwanza, king'amuzi cha B hakijui matabaka. H.264 ilipata nyongeza ya matabaka mwaka 2007, lakini watengenezaji wa vipande vya kufungulia picha ndani ya TV na ving'amuzi kwa sehemu kubwa hawakuiweka. Leo matabaka yanaishi kwenye mikutano ya video, ambako programu ya pande zote mbili ni ya mtu mmoja. Wewe ukirusha tabaka la msingi pamoja na nyongeza, kila kifaa chuoni kitaonyesha la msingi tu, na nyongeza zitabaki biti zinazozurura.

Pili, mpokeaji anajuaje kama ana nafasi ya tabaka la juu? Anajaribu. Anajiunga, anaona kama pakiti zitapotea. Akijaribu mmoja kwenye laini iliyobana, wanaopotelewa ni majirani zake wote wanaoshiriki laini hiyo. Wenyewe waliliona, ndiyo maana wakaongeza utaratibu wa wapokeaji kujifunza kutokana na majaribio ya wenzao. Na kujitoa nako si papo hapo. IGMP ya kwanza haikuwa hata na ujumbe wa kuaga, mtu alinyamaza tu mpaka muda wake ukaisha. Toleo la 2 la mwaka 1997 lilileta kuaga, na hata hapo ruta inauliza mara mbili, sekunde moja moja, kabla ya kufunga. Hizo ni sekunde 2 za laini kuendelea kufurika baada ya wewe kuamua kupunguza.

Kwenye fiba ambayo nakala zote ni chini ya asilimia 1 ya uwezo wake, ubadhirifu ninaufumbia macho.

#10 Mhadhiri_Mstaafu

Marahaba. Kwenye fiba nakubali. Lakini umesoma vizuri kuhusu kampasi ndogo? Redio ya Mbps 8, nakala zako ni 9.3. Hapo ubadhirifu haufumbiwi macho, unagonga ukuta. Kule nako wakiwemo wa TV mpya, wa projekta na wa simu, nakala zote tatu zitaombwa kuvuka na hakuna atakayeona kitu.

#11 Kandambili_IT

Mwalimu umenigusa pabaya, na kule ndiko watakakokaa wazazi wengi zaidi. TV moja mpya, projekta mbili za zamani, na simu.

#12 Fundi_Runinga_Unguja

Assalaam alaykum jamaa. Mimi nafunga IPTV mahotelini huku Unguja, hilo la redio nalijua kwa sababu kuna hoteli zina nyumba za wageni ng'ambo ya barabara na hakuna ruhusa ya kuchimba.

Mnagombania matabaka na nakala, ipo njia ya tatu: vusha nakala moja tu, kisha ibadilishe ng'ambo. Kikompyuta kidogo kule kampasini kinajiunga na 239.10.1.2 peke yake, kinapokea H.264 720p, TV mpya inakula hiyohiyo kama ilivyo, na kikompyuta kinatoa 360p kwenye kikundi kingine kwa ajili ya projekta. Redio inabeba 3.5, basi. Hivyo vikundi vingine vizuieni kwenye ruta ya upande wa kampasi kuu ili mtu wa kule asiombe 1080p kwa bahati mbaya akaangusha wote.

Hoteli nyingi huku napeleka fomati mbili tu, H.264 kwa vyumba vya zamani na HEVC kwa vipya. Kila fomati unayoongeza ni enkoda ya kununua na mtu wa kupigiwa simu saa nane usiku.

#13 Mhadhiri_Mstaafu

Hiyo nayo ni ya zama zilezile. Mwaka 1995 Elan Amir, McCanne na Hui Zhang walitengeneza lango la video lililopokea picha ya JPEG nene upande mmoja na kuitoa kama H.261 (mfumo wa zamani wa kubana video) ya kilobiti 128 upande wa pili, ipate kuingia MBone. Nimeshindwa kwa hoja, naridhia. Matabaka nitayaacha kwa wajukuu.

#14 BiMkubwa_NOC

Mwalimu hujashindwa, umeibua lililokuwa limefichwa. Mimi nilikuwa naangalia fiba tu.

Nyongeza ya redio: huko pakiti zitapotea, na UDP haina wa kuomba zirudiwe. Mkituma kwa RTP (itifaki inayozipa pakiti namba), wekeni FEC ya safu, yaani pakiti za akiba za kujengea upya zilizopotea, kama ilivyo kwenye kiwango cha SMPTE 2022-1. Unapanga pakiti 100 kwenye jedwali la 10 kwa 10, kila safu wima inatoa pakiti moja ya akiba. Gharama ni asilimia 10, kwa hiyo 3.5 inakuwa 3.85, bado uko nusu ya redio. Faida ni kwamba pakiti 10 zilizofuatana zikipotea kwa mkupuo zinajengwa upya, kwa sababu kila moja iko safu yake. Kwa kasi hiyo jedwali zima ni kama theluthi ya sekunde, ndiyo utachelewesha. Na akiba inatumwa kwenye poti tofauti, kwa hiyo kifaa kisichoijua kinaipuuza na kuendelea na picha.

#15 Chupuchupu

Hadi sasa sijaona mtu akigusa simu. Mwembe umesahaulika.

#16 Kamba_ya_Fiba

Mombasa hapa. Nilikuwa nangoja hilo swali, maana ndipo wengi huzama.

Usirushe maltikasti hewani kwa Wi-Fi. Kwenye waya maltikasti ni dawa, hewani ni balaa. Fremu ya yunikasti kwenye Wi-Fi huthibitishwa na mpokeaji, ikipotea inarudiwa, na kasi inapandishwa kwa aliye karibu. Ya maltikasti haithibitishwi, hairudiwi, na kwa kawaida hutumwa kwa kasi ya chini kabisa ambayo kila mtu ataisikia, mara nyingi Mbps 6 kwenye bendi ya 5 GHz, na 1 kwenye 2.4. Sasa weka mkondo wa 3.5 kwenye kasi ya 6: zaidi ya nusu ya hewa yote ya kile kituo cha Wi-Fi imekwisha kwa kikundi kimoja, na ukiongeza fomati ya pili hewa imejaa. Wala picha haitakuwa safi. Juu ya hayo, kama kuna simu hata moja imesinzia kubana betri, fremu hizo hushikwa hadi wakati wa mwito wa pamoja, halafu zinatoka kwa fungu.

Hata ukivuka hapo, simu yenyewe inakukatalia. Kivinjari hakina njia ya kujiunga na kikundi cha maltikasti. Android huchuja pakiti hizo kwenye Wi-Fi mpaka programu iombe kufuli maalumu, na iPhone tangu iOS 14 inataka programu iwe na kibali kutoka Apple. Nani atamfungia shangazi programu siku ya mahafali?

Suluhisho: maltikasti iishie kwenye waya. Kila ukumbi weka kikompyuta, kijiunge na vikundi viwili vya H.264, kikate mkondo vipande vya sekunde 2, kivitoe kwa HLS (utaratibu wa kutoa video kwa vipande kupitia HTTP). Simu zinavuta kwa HTTP kutoka humohumo ukumbini, zinachagua 720p au 360p zenyewe kulingana na hali ya mawimbi yao. Simu 40 kwa 3.5 ni Mbps 140 hewani, kituo cha kisasa kinaweza, ila usipange 40 juu ya kimoja ukadhani utaongeza 40 tena. Na hapo ndipo zile fremu zilizolingana za Bi Mkubwa zinapolipa, maana simu ikishuka kutoka 720p kwenda 360p vipande vinaungana bila mshono.

#17 Chupuchupu

Kwa hiyo mwisho wa yote ni YouTube ndogo kila ukumbi. Nilisema mapema.

#18 BiMkubwa_NOC

Umesema nusu, nusu uliyoiacha ndiyo ngumu: YouTube hizo ndogo zinajazwa na nini? Kwa maltikasti, mara moja, bila kugusa laini ya intaneti.

Na wakubwa wanakwenda hukohuko. DVB, muungano wa viwango vya TV za kidijitali, walitoa viwango vyao vya kazi hii mwaka 2020: vipande vilevile vya DASH (ndugu ya HLS) au HLS vinasafirishwa kwa maltikasti, kwa itifaki kama FLUTE au ROUTE, hadi kwenye lango karibu na mtazamaji. Lango linampa mchezeshaji kwa HTTP kana kwamba ni seva ya kawaida. Kipande kikipungua pakiti, lango linaomba kile kilichopungua kwa yunikasti. Mchezeshaji akitaka fomati ambayo hairushwi kwenye maltikasti, lango linaifuata kwa yunikasti vilevile. Kampuni ya simu ya BT ya Uingereza nayo ilitangaza mfumo wa namna hiyo mwaka 2023, wanaita MAUD. Watu hawabadilishi programu zao za kuangalia, na mtandao unabeba mechi mara moja badala ya mara milioni.

Kandambili, kwa chuo hayo mazito hayakuhusu, kikompyuta cha Kamba kinatosha. Ila waonye walio chini ya mwembe. Mchezeshaji wa HLS hupenda kuwa na vipande vitatu mkononi kabla ya kuanza, kwa hiyo simu zitakuwa nyuma ya TV kwa sekunde 6 au zaidi. Vigelegele vitatoka ukumbini kabla jina la mtoto wao halijasomwa kwenye simu.

#19 Kandambili_IT

Hahaha, wazazi watadhani majina yanapangwa upya.

Nimechora upya: vikundi vitatu kwenye fiba, kimoja tu kinavuka redio kikiwa na FEC, kikompyuta kampasini kinashusha 360p, vikompyuta vya HLS kila penye Wi-Fi. Vikompyuta vitatoka maabara ya wanafunzi, mkuu wa maabara ameshanuna.

#20 Mzawa_wa_Kilosa

Kambi yangu imezaa matunda. Swali la mgeni: simu za HLS haziwezi kuchukua ile HEVC ya Mbps 5?

#21 Kamba_ya_Fiba

Baadhi zinaweza, vivinjari vingi vitakukataa. H.264 inafunguka kila mahali tangu enzi, na kwenye kioo cha inchi sita hakuna atakayekuuliza 1080p iko wapi.

#22 Binti_Mkalimani

Samahani kuingilia mambo ya waya. Mimi ni mkalimani wa lugha ya alama. Mahafali kama hayo huwa na hotuba za Kiingereza, wazazi wengi wa Kiswahili, na wahitimu viziwi wanaotaka kumwona mkalimani, si kichwa chake kikubwa kama stempu kwenye kona. Hizi "fomati" zenu zina nafasi yetu?

#23 BiMkubwa_NOC

Dada, swali lako ni la fomati kuliko yote yaliyoulizwa humu.

Sauti ni nafuu. Ndani ya MPEG-TS mkondo mmoja wa picha unaweza kubeba sauti mbili, moja ina alama ya lugha swa na nyingine eng, king'amuzi kinachagua kwa rimoti. Kilobiti 128 za ziada kwa kila nakala hazimuumizi mtu. Kandambili, kwa ukumbi B jaribu mapema kama ving'amuzi vinafungua AAC, mfumo wa kubana sauti. Vya zamani vingine vinataka MPEG Layer II, na picha isiyo na sauti itakuletea kelele kuliko sauti isiyo na picha.

Mkalimani ni habari nyingine. Hawezi kuwekwa kama nyongeza ya kuwashwa na kuzimwa, vifaa hivi havijui kupachika picha juu ya picha. Kwa hiyo mpe kikundi chake: 239.10.1.4, mkalimani akichukua theluthi ya kioo, jukwaa likisogezwa pembeni yake. Atakayemtaka anajiunga, asiyemtaka haguswi.

#24 Kandambili_IT

Enkoda yangu inatoa nakala nne na si zaidi, kwa hiyo hiyo ya nne ndiyo mwisho. Niifanye HEVC au H.264?

#25 BiMkubwa_NOC

H.264 720p, ileile ya kikundi cha 2, ili ifunguke A, B na kwenye simu bila kumuuliza mtu ana kifaa gani. Mbps 3.5 pia, usiibane, mikono inakwenda haraka na ukipunguza biti vidole vinageuka ukungu. Kama wahitimu viziwi watakaa kampasi ndogo, 3.85 mara mbili ni 7.7, redio yako itabaki haina pumzi. Waombe wakae ukumbi A. Na mkalimani apewe kamera yake na taa yake, ukuta wa nyuma uwe wa rangi moja, asikatwe kutoka kamera ya jukwaa.